Kikapu cha Udongo na Mtungi wa Maji: Ishara za Mamlaka katika Taswira ya Mwanamke, kutoka Picha za Baroki hadi Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vitu vinavyowekwa mikononi mwa mwanamke, iwe katika picha au katika simulizi, vinavyogeuka kuwa hati ya mamlaka. Mfano wa kuanzia ni picha za sura za wanawake zilizochorwa Ulaya katika enzi ya Baroki, yaani karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mfano mkuu ni Nachituti, dada wa mtawala wa Washila, ambaye mapokeo ya mwambao wa Ziwa Mweru humwonyesha akimkabidhi Mwata Kazembe kikapu cha udongo na mtungi wa maji. Makala yanadai kwamba taswira hizo mbili zinafanana katika jambo la msingi: alama anazobeba mwanamke huchaguliwa na yule anayefaidika na taswira. Hata hivyo, alama za Nachituti zimebaki na maana ya pili ambayo washindi hawakuweza kuifuta. Uchambuzi unahitimishwa kwa kuangalia mchoro wa Mamba Muntu wa Katanga, ambao umeibadili tena taswira ya mwanamke na maji.

1.0 Utangulizi

Nchelenge ni makao makuu ya wilaya katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mji huo na pacha wake Kashikishi imekaa kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya pili ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko na ya mitaa ya miji. Kusini, katika bonde la Mto Luapula, kuna Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki. Kila mwaka mwezi wa Julai watu hukusanyika huko kwa sherehe ya Umutomboko, ambapo Mwata hucheza ngoma ya ushindi.

Ushindi unaokumbukwa katika ngoma hiyo ni wa vita vingi, lakini katika mapokeo ya ziwa mmoja unajitenga na mingine. Ni ushindi dhidi ya Nkuba, mtawala wa Washila, na mapokeo hayausimulii kama ushindi mtupu. Yanausimulia kama zawadi iliyotoka mikononi mwa mwanamke. Swali la makala haya ni hili: kwa nini mamlaka iliyopatikana kwa mkuki ilihitaji kuthibitishwa na mwanamke mwenye kikapu na mtungi?

Swali hilo si la Mweru peke yake. Wanahistoria wa sanaa ya Ulaya wamelikabili kwa muda mrefu wanapochunguza picha za wanawake wa tabaka la juu zilizochorwa katika enzi ya Baroki. Kwa kuwa mbinu za usomaji wa ishara zimekomazwa zaidi katika taaluma hiyo, inafaa kuanza huko kabla ya kurudi ziwani.

2.0 Uashiriaji katika picha za wanawake wa enzi ya Baroki

Picha ya sura katika enzi hiyo haikukusudiwa kuonyesha uso tu. Kila kilichomzunguka mchorwa kilisema neno. Lulu ziliweza kusimamia usafi wa tabia na papo hapo utajiri. Mbwa mdogo aliashiria uaminifu. Ua lililokatwa lilikumbusha kwamba ujana hupita. Wachoraji walikuwa hata na kitabu cha kurejelea. Cesare Ripa alichapisha Iconologia mjini Roma mwaka 1593, na toleo lenye michoro likatoka mwaka 1603. Humo dhana kama Ukweli, Subira na Haki zimepewa miili ya watu na vitu vya kushika. Bara la Afrika nalo limepewa mwili wa mwanamke: amevaa kichwa cha tembo kama kofia, ana mkufu wa marijani, mkono mmoja umeshika nge, wa pili pembe iliyojaa masuke ya nafaka, na kando yake wapo simba na nyoka. Kwa wasomaji wa Ripa, nchi nzima iliweza kukaa katika mwili wa mwanamke mmoja, na tabia yake ikasomwa katika vitu alivyobebeshwa.

Picha mbili zilizochorwa Genoa zinaonyesha jinsi kanuni hizo zilivyofanya kazi. Mwaka 1606 Peter Paul Rubens alimchora Brigida Spinola Doria, aliyeolewa mwaka uliotangulia. Majina yake mawili yanataja koo mbili kubwa za mji huo. Hariri inayong'aa, vito na kola pana ya lesi iliyokunjwakunjwa kuzunguka shingo vinamtangaza yeye, lakini zaidi vinatangaza kwamba mali ya koo mbili imekutana katika mtu mmoja. Mwaka 1623 Anthony van Dyck alimchora Elena Grimaldi Cattaneo akitembea nje ya jumba. Nyuma yake kijana wa Kiafrika ameshika mwavuli mwekundu, ambao unamzunguka bibi huyo kichwani mithili ya nuru ya watakatifu. Mwavuli ni alama, na aliyeushika amefanywa alama vilevile: anaonyesha kwamba mkono wa familia hiyo unafika mbali, ng'ambo ya bahari.

Mfano wa tatu uko wazi zaidi. Mwaka 1682 Pierre Mignard alimchora Louise de Kéroualle, aliyekuwa mpenzi wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Mtoto wa kike mweusi anamletea bibi huyo kombe lililojaa lulu pamoja na tawi la marijani. Jina na vyeo vya bibi vinajulikana. Jina la mtoto halikuandikwa. Mali ya bahari inaonekana kama imekuja yenyewe, kwa hiari, katika viganja vya mtoto anayetabasamu. Biashara, jeshi na utumwa vilivyoileta havimo katika fremu.

Hapa ndipo penye funzo. Alama katika picha hizi ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Inaeleza hadhi, na inaficha njia iliyoleta hadhi hiyo. Kilichotwaliwa kinaonyeshwa kama kilichotolewa. Kwa hiyo kuuliza alama ina maana gani hakutoshi. Sharti iulizwe pia nani aliiagiza, na nani ameachwa nje.

3.0 Nachituti na zawadi yake

3.1 Kisa

Katika karne ya 18, wakati enzi ya Baroki ilipokuwa ukingoni Ulaya, Walunda waliotoka magharibi walikuwa wakijenga ufalme wao katika bonde la Luapula. Mapokeo yao yalikusanywa na Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, kwa msaada wa padri Edouard Labrecque. Yalichapishwa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani "Mababu Zangu na Watu Wangu". Ian Cunnison aliyafasiri kwa Kiingereza mwaka 1961.

Kwa ufupi, kisa ni hiki. Nkuba, mtawala wa Washila na bwana wa ziwa, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti, na mapokeo husema ngozi ya marehemu ikafanywa tandiko la kukalia. Mama alipotambua alichotendewa mwanawe, alikwenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Kazembe alituma jeshi, na Nkuba akauawa. Nachituti naye akatimiza ahadi ya shukrani: alimpa Kazembe kikapu kilichojaa udongo na mtungi uliojaa maji. Nchi na ziwa vikawa vya Kazembe.

3.2 Kuzisoma alama

Kikapu na mtungi si vito. Ni vyombo vya kazi za kila siku za mwanamke: kimoja cha shamba, kingine cha kisima na mto. Nguvu ya taswira inatokana na ukawaida huo. Mke wa mvuvi anayesikiliza kisa hahitaji kamusi ya Ripa. Amebeba vyombo hivyo tangu utotoni. Udongo ni sehemu ya nchi inayowakilisha nchi nzima, na maji yaliyochotwa mtungini ni ziwa zima. Tena alama hazichanganywi: nchi ina chombo chake na maji yana chake. Mgawanyo huo una uzito katika jamii ambayo haki ya kulima na haki ya kuvua ni mambo mawili, yenye wenyewe wawili. David Gordon, aliyekipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la zawadi hiyo hiyo ya Nachituti, ameonyesha jinsi kisa hicho kilivyoshikamana na madai ya umiliki wa ardhi na maji hadi nyakati za ukoloni na baada yake.

Aidha, kufundisha kwa vitu ni desturi iliyozoeleka katika ukanda huu. Katika unyago wa chisungu miongoni mwa Wabemba, ulioshuhudiwa na Audrey Richards mwaka 1931, wasichana hufundishwa kwa mbusa, yaani vinyago vya udongo na michoro ya ukutani yenye rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kila mbusa una wimbo wake, na mwenye elimu ya kuufasiri ni nachimbusa, mwanamke mzoefu. Miongoni mwa Watabwa, walioko kati ya Mweru na Tanganyika, mwili wenyewe ulikuwa uwanja wa maandishi: chale za pembetatu zilizopangwa safu ziliitwa balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya. Waluba nao, katika vigoda na fimbo za kifalme, walichonga umbo la mwanamke kushikilia mamlaka ya mwanamume. Basi taswira ya Nachituti haikuwa ngeni kwa wasikilizaji wake. Ilisimama katika utamaduni ambao mwanamke na kifaa vilisomwa pamoja.

3.3 Nani aliyeiagiza taswira?

Kwa kigezo kilichopatikana katika sehemu ya pili, jibu ni rahisi: taswira ya Nachituti, kama ilivyoandikwa mwaka 1951, imetoka katika ua wa Kazembe. Na inafanya kazi ile ile ya kombe la lulu katika picha ya Mignard. Jeshi lilivuka, mtawala akakatwa kichwa, watu wakatiishwa. Lakini linalobaki machoni mwa msikilizaji ni mikono ya mwanamke inayotoa. Vita vimegeuzwa zawadi.

Lakini pana tofauti kubwa. Mtoto katika picha ya Mignard hana haki yoyote juu ya lulu anazozibeba. Nachituti anayo. Washila hufuata nasaba ya upande wa mama, ambapo mrithi wa mtawala ni ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wa dada yake. Kwa hiyo Nkuba hakumuua kijana wa kawaida. Alimuua mtu wa mstari wa urithi, na dada yake ndiye mlango wa mstari huo. Kwa mantiki ya ukoo, Nkuba alikuwa ameuvunja mlango wake mwenyewe. Walunda, ambao ufalme wao hupita kwa baba, waliijua mantiki hiyo vizuri, maana walitawala watu waliofuata mama. Ndiyo sababu walihitaji neno la dada. Bila Nachituti wangekuwa wavamizi tu. Pamoja naye walikuwa warithi.

Hapo hapo alama inaanza kumgeuka mwenye kuiagiza. Mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Kila mara kisa kinaposimuliwa kuthibitisha kwamba ziwa ni la Kazembe, kinathibitisha pia kwamba kabla ya hapo lilikuwa la watu wa Nachituti. Mzawa wa Washila anaweza kusimama mbele ya baraza akiwa na kisa kile kile, neno kwa neno, na akadai kilicho chake. Kikapu kinachoonyesha kwamba nchi imetolewa kinamtaja aliyekuwa nayo.

Jambo hili linapata nguvu zaidi katika namna ya usimulizi ambayo Cunnison aliieleza baada ya utafiti wake kando ya Luapula kati ya 1948 na 1951. Mtu anayerithi jina la marehemu huvaa pia nafasi yake katika ukoo, na anaposimulia historia husema kwa nafsi ya kwanza: "nilikuja, nilipigana, nilipewa", ijapokuwa matendo hayo yalitokea vizazi vingi kabla ya kuzaliwa kwake. Jina la kitabu cha Chinyanta Nankula limebeba sarufi hiyo hiyo katika viambishi vyake vya umilikaji. Usimulizi wa aina hii ni ndugu wa picha ya Baroki: Brigida Spinola Doria alichorwa kama nafasi ambamo koo mbili zinakutana, kuliko kama mtu mmoja mwenye siku zake. Tofauti ni kwamba turubai hunyamaza, ilhali nafasi ya Luapula ina mdomo, na warithi wa upande wa pili nao husema "mimi".

Hata hivyo, fremu hii pia ina walioachwa nje. Kabla ya Washila, mapokeo yanawataja Wabwilile kuwa wenyeji wa kwanza wa nchi, waliotawaliwa na Nkuba kama Nkuba alivyokuja kutawaliwa na Walunda. Katika kisa cha zawadi, mwanamke wa Kibwilile mwenye kikapu hayupo. Umiliki unaothibitishwa na Nachituti unaanzia kwenye tabaka la pili, na tabaka la kwanza linabaki chini ya udongo alioubeba.

4.0 Mke wa Kazembe katika kalamu ya mgeni

Taswira nyingine ya mwanamke wa ua huo ilichorwa kwa maneno na mtu wa nje. David Livingstone alifika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, kisha akakaa katika makao ya Kazembe karibu na ziwa dogo la Mofwe. Huko alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, mmoja wa watu wa misafara ya pwani waliokuwa wamefungua njia hadi Luapula. Katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, Livingstone anamweleza mke mkuu wa Kazembe akienda shambani. Anabebwa kwenye machela na wanaume, mara nyingi kumi na wawili. Mbele yake watu wanakimbia wakipunga panga na mashoka, mmoja akipiga chombo kuwaonya wapita njia wapishe, na mabuba mawili makubwa ya tumbaku yapo tayari.

Katika maelezo hayo mna mgongano wa mifumo miwili ya alama. Wabebaji, mashoka na mabuba ni alama za ua la Kilunda, na Livingstone amezinakili kwa makini. Lakini anapofika usoni, anautathmini kwa kipimo cha Ulaya, akisifu sura yake kwa kuifananisha na ya Wazungu. Yeye hufanya kile ambacho wachoraji wa Genoa walifanya: kumweka mwanamke katika fremu ambayo mtazamaji wa nyumbani anaifahamu. Bahati nzuri, jicho lake la msafiri lilihifadhi jambo ambalo mchoraji wa kasri angeliacha. Mwanamke huyu mwenye msafara wa kifalme anakwenda kulima, na Livingstone anataja kwamba aliyashughulikia mashamba yake kwa bidii, muhogo ukiwa zao kuu. Machela inakwenda kwenye udongo. Kikapu cha Nachituti hakiko mbali.

5.0 Mamba Muntu: maji bila ukoo

Mpaka uliowekwa na Waingereza na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold mwaka 1894 ulipita katikati ya ziwa. Lakini samaki wa Mweru hawakuujua mpaka. Walivuliwa kwa wingi na kupelekwa kupitia Kasenga, ambako wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga biashara kubwa, hadi kwenye migodi na mitaa ya wafanyakazi ya Katanga. Katika mitaa hiyo, hasa Lubumbashi ya miaka ya 1970, ilistawi sanaa ya michoro ya kutundikwa sebuleni, ambayo Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian waliitafiti. Miongoni mwa michoro iliyopendwa sana ni ile yenye jina la Kiswahili cha Katanga: Mamba Muntu.

Mamba Muntu ni mwanamke nusu mtu nusu samaki, ambaye kwa Kiswahili cha pwani angefananishwa na nguva. Rangi yake ni nyeupe, nywele zake ndefu, mkononi ana saa, na mara nyingi nyoka yuko naye. Anayepata kitu chake, kama vile nywele, humjia ndotoni na kumtajirisha, kwa sharti la siri na la kujinyima jamaa. Kwa upande wa umbo, hii ndiyo picha ya Mweru na Katanga iliyo karibu zaidi na picha za Baroki: mwanamke mmoja, mbele, amezungukwa na alama za kusomwa moja moja. Saa ni kama lulu: ni mali ya mbali, na pia wakati wa kiwandani unaompangia mfanyakazi siku yake.

Ikilinganishwa na Nachituti, mabadiliko yanashtua. Nachituti hutoa maji kwa sababu ya mwanawe. Zawadi yake inatoka ndani ya ukoo na inaunda ukoo mpya wa kisiasa. Mamba Muntu hutoa mali inayomtenga mpokeaji na ukoo wake. Nachituti ana kaka, mtoto na jina linalorithika. Mamba Muntu hana mama wala mtoto. Mtungi wa Nachituti ulikuwa ziwa linalogawika kwa haki na wajibu. Maji ya Mamba Muntu ni bahati ya mtu mmoja. Si ajabu kwamba picha hii ilitundikwa katika nyumba za watu waliolipwa mshahara, waliokula samaki wa ziwa wasilolimiliki.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uashiriaji katika taswira ya mwanamke, Genoa au Mweru, hauwezi kueleweka kwa orodha ya maana za vitu peke yake. Lulu, mwavuli, kikapu, mtungi na saa vinasomeka pale tu inapoulizwa nani alivichagua, nani alitakiwa avisome, na nani hakutiwa katika fremu. Kwa kipimo hicho Nachituti ni jamaa wa wanawake wa Rubens na van Dyck, kwa kuwa sura yake imetumiwa kuhalalisha mali ya wengine. Anawazidi kwa jambo moja: alama zake ni zana za kazi yake na haki ya ukoo wake, hivyo haziwezi kusomwa bila kumrudishia umiliki anaodaiwa kuutoa.

Suala hili halijafungwa na historia. Samaki aina ya mpumbu, waliokuwa wakipanda Luapula kwa makundi wakati wa kuzaa, walipungua vibaya katikati ya karne ya 20. Baadaye uvuvi wa chisense, dagaa wa Mweru, ulipanuka, na wanawake wakapata humo nafasi kubwa ya kununua, kuanika na kusafirisha. Mabishano kuhusu nani avue, wapi na kwa ruhusa ya nani yameendelea kurejea kwenye zawadi ya kale.

Inapendekezwa basi kwamba walimu na watafiti wa fasihi simulizi ya Kiswahili na lugha jirani wakifundishe kisa cha Nachituti sambamba na sanaa za picha, na wakusanye matoleo ya Washila na ya Wabwilile pembeni ya toleo la ua. Inapendekezwa pia kwamba wanawake wa mwambao, wanaobeba kikapu na mtungi hadi leo, waulizwe wao wenyewe wanakisoma vipi kisa hicho. Toleo lililochapishwa mwaka 1951 lilipitia mikono ya mfalme na ya padri. Dada wa Nkuba hajapata bado kusimuliwa na dada zake.